Miwani ya kijani niliyompa mdogo wangu siku jua lilipopatwa

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi.

Nimesoma nyuzi zenu miaka bila kuchangia hata nukta. Leo naandika, na sina chai ya kuwapa. Haya yalitokea nyumbani kwetu na mkosaji ni mimi.

Kiswahili changu ni cha Katanga, nimejitahidi kukinyoosha. Pakipinda mtanivumilia.

Napenda mambo ya angani. Sina darubini wala sikusomea. Nina simu na shingo isiyochoka. Jua likipatwa, mwezi ukipatwa, nipo nje. Mtaani kwetu Makomeno wananijua kwa hilo, hadi leo watu wananipigia kuuliza waangalie vipi. Wangejua.

Ilikuwa 2016, kama saa nne na nusu asubuhi. Huku kwetu jua halikufunikwa lote, lilibaki kipande chembamba.

Marehemu baba alikuwa soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma mgodini. Sanduku lake la kazi tulibaki nalo. Ndani kulikuwa na maski nzito yenye kioo cheusi, ya kuchomelea kwa umeme, na miwani ya mviringo yenye vioo vya kijani, ya kukatia chuma kwa gesi. Nyumba nyingi za watu wa mgodi zina vitu hivyo, na kila mtoto wa mgodi anajiona anajua moto.

Baba alikuwa ameniambia wazi: ile ya kijani ni ya moto wa gesi tu. Kwa mwanga mkali zaidi, macho yanaungua.

Kwa hiyo nilijua. Asinitetee mtu hapa.

Siku ile maski niliichukua mimi. Nilitaka kupiga picha kwa simu kupitia kile kioo cheusi niirushe mtandaoni, na majirani walikuwa wamejaa getini wakisubiri niwape somo. Raha ya kuonekana mjuaji, wakuu, acheni tu.

Mdogo wangu Odette alikuwa na miaka kumi na tisa, anajifunza kushona gauni za harusi. Hata hakuwa na haja ya kuangalia juu. Alikuwa amechuchumaa chini ya mparachichi. Mwanga uliopenya kwenye majani ulikuwa umechora chini vijua vidogo vingi, kila kimoja kimemegwa kama jua lenyewe. Alikuwa anavikinga kwa kiganja na kucheka peke yake.

Nikamwita. "Unaangalia chini, na jambo iko juu?"

Nikampa ile ya kijani.

"Yaya, hii iko muzuri?" Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa.

"Iko muzuri. Angalia tu."

Akaangalia. Kila alipotaka kuinamisha kichwa nilimwambia angoje, litazidi kuwa jembamba. Zilipita dakika kumi, labda zaidi.

Jioni akaniambia anaona doa katikati ya kila kitu. Kesho yake doa lilikuwepo. Akishika sindano, anaona vidole, sindano haioni.

Tukaenda kwa daktari wa macho, mimi, yeye na Mama. Daktari akauliza aliangalia na nini. Odette hajafungua mdomo, nikawahi mimi.

"Alivaa lunettes, docteur, lakini aliitosha. Nilimukataza." Lunettes ni miwani, na kutosha, kwetu, ni kuvua.

Odette akanigeukia. "Sikuitosha."

"Uliitosha kidogo. Nilikuona."

Mama alitutazama wote wawili. Mimi ndiye mkubwa, ndiye niliyekuwa nimekalia nafasi ya baba. Akamwambia, "We mutoto, uko na kichwa nguvu."

Daktari akasema sehemu ya ndani ya macho imeungua na hana dawa ya kuirudisha. Ushonaji ukaishia hapo. Siku hizi Odette anauza vitenge sokoni. Ili akuone uso inabidi akuangalie sikioni, na wasiomjua wanasema anaringa.

Sasa sikilizeni kilicho kibaya zaidi.

Mwaka wa kwanza alikataa. Mama akawa anarudia neno lilelile kila siku, mimi najazia. Mwaka wa pili Odette akaanza kusema labda. "Labda niliitosha, sikumbuki." Mwaka wa tatu alikuwa na uhakika. Akawa anawasimulia watoto wa jirani jinsi alivyovua ile miwani, ili wajifunze kusikia wakubwa.

Mimi nimekaa palepale, nakula bukari yangu, ugali wa kwetu.

Mwaka jana Mama aliugua, hakuinuka tena. Siku za mwisho Odette alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba msamaha kwa ukaidi wake. Mama akamwekea mkono kichwani, akasema alishamsamehe zamani. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilinyamaza, na najichukia kwa hilo kuliko kwa ile miwani.

Miezi michache baada ya mazishi, Septemba 2025, mwezi ukapatwa wote. Umeme ulikuwa umekatika. Tulikaa nje wawili, mwezi umekuwa mwekundu kama tofali la kuchoma.

Odette alikuwa amejiziba macho kwa mkono.

"Yaya, huu haichome macho?"

Nikamwambia mwezi hauna shida.

"Basi naangalia. Kama ningekusikia ile siku, leo ningekuwa nashona." Akacheka.

Kile kicheko kilinishinda. Nikasema yote: maski, picha, maneno ya baba, uongo wa kwa daktari.

Ukingo wa mwezi ukaanza kurudi mweupe. Nilisubiri matusi. Niliyataka.

"Basi sikuitosha," akasema.

"Hapana. Hukuitosha."

"Mama alinisamehe mbele ya kufa. Sasa alinisamehe nini?"

Akavaa viatu, akaondoka.

Simu zangu anapokea. Anaongea habari za soko, anakata. Nasikia alikwenda makaburini peke yake. Sijathubutu kumuuliza alimwambia nini Mama.

Funzo, wakuu. Jua liangalieni kwa miwani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kama hamna, lipeni mgongo. Mwezi uangalieni mpaka mchoke. Na kama umemsingizia mtu, sema wakati aliyekuamini bado anapumua. Mimi nilisema, lakini Mama hayupo tena wa kumwomba Odette radhi.

Pole zenu sizihitaji, na matusi nitayasoma yote. Ila kama yupo humu aliyewahi kuulizwa swali kama la Odette, aandike hapa chini alijibu nini.