Mpiga Chapa wa Nje ya Mahakama

Mpiga chapa wa nje ya mahakama hugonga kwa vidole viwili, na kila akimaliza mstari huipuliza mashine kama anayepoza chai. Humtaka mteja aanze na mandhari: wapi, saa ngapi, jua au mvua. Tashbihi hazitaki, na methali huzifuta bila kuomba radhi. Mdogo wangu alipofiwa na mume, mashemeji wakataka kumtoa kwenye nyumba, nikampeleka aandikiwe maelezo ya kumpa hakimu.

"Walinguruma kama simba," mdogo wangu akaanza.

"Simba umeshamwona, dada?"

"Hapana."

"Basi tumwache porini. Walikukuta unafanya nini?"

"Nafua shati la marehemu."

Vidole vikasimama. "Ameshaondoka, unamfulia ya nini?"

"Aliliroweka mwenyewe Jumanne. Jumatano akafariki."

Hakuipuliza mashine. Aliyagonga maneno hayo polepole, akayaacha peke yake kwenye mstari wake, akatuambia tusiongeze kitu. Siku ya kesi hakimu alisoma mpaka hapo, kisha akamwuliza shemeji mkubwa kama ana la kusema. Shemeji akatikisa kichwa, na kwa rehema za Mungu mdogo wangu akabaki kwenye nyumba yake.