Nilipowaambia Wafugaji Wanoe Mikasi

Baba yangu alikufa kwa baridi mwezi wa sita, kiangazi kimeshaanza, na mimi mwanawe wa kumzaa ndiye niliyetangaza redioni kwamba kutakuwa na joto.

Msinihurumie bado. Someni kwanza.

Naitwa Kanyshai. Nasoma hali ya hewa kwenye redio ndogo ya wilaya, huku milimani Naryn. Ni dakika tatu tu kila asubuhi. Ukinisikia hewani utadhani mbingu nazipanga mimi, kumbe kuna Mzee Asankul wa kituo cha hali ya hewa, ananisomea kwenye simu, mimi naandika.

Mwaka ule majira yalituchezea. Wafugaji walishapandisha kondoo kwenye malisho ya juu, lakini baridi ilikataa kuondoka. Siku kumi mfululizo nilisoma baridi, mawingu, baridi tena.

Na kondoo walikuwa hawajanyolewa sufu. Kondoo aliyetoka kunyolewa akipigwa na mvua ya baridi, hachukui muda, anakufa. Kwa hiyo kila mfugaji alikuwa ametega sikio kwangu, baba yangu akiwemo.

Watu wakaanza kunipigia simu.

"We dada, hiyo baridi unaipika nyumbani kwako?"

"Mwozesheni huyo binti, labda jua litatoka!"

Nilicheka nao. Moyoni iliniuma, tena sana.

Siku ya kumi na moja Mzee Asankul akapiga, laini inakwaruza.

"Andika, binti yangu. Leo joto litapanda, jua litawaka vizuri mpaka..."

Kimya. Simu imekatika.

Nikapiga, haiiti. Nikapiga tena, wapi! Nasipa, mtayarishaji wetu, akachungulia mlangoni.

"Kanyshai, unangoja nini? Uko hewani!"

Ningeweza kusema taarifa haijakamilika. Nani angenifunga? Badala yake nikajimwaga.

"Ndugu wasikilizaji, jua limerudi! Wafugaji, noeni mikasi!"

Hiyo ya mikasi niliitunga mwenyewe. Nilitaka siku moja tu na mimi nipendwe.

Robo saa baadaye simu ikalia. Ni Mzee Asankul, anafoka.

"Mpaka saa nane mchana! Hukusikia? Baada ya hapo mvua, na huko juu theluji!"

Nikamkimbilia Nasipa.

"Tutarekebisha kwenye taarifa ya saa sita," akasema. "Sasa hivi kuna salamu za harusi."

Sikubishana. Ukweli ni kwamba niliona aibu kujikana hewani mbele ya wilaya nzima. Saa sita nikasoma marekebisho kwa sauti ya chini, haraka haraka. Lakini saa sita mfugaji yuko na kondoo wake, redio ameiacha hemani.

Mvua ilianza saa tisa.

Kesho yake mchana, kaka Tologon, jirani yetu wa kule malishoni, alishuka na farasi mpaka mlangoni kwetu kazini. Alikuwa amelowa chapachapa.

"Kanyshai, twende nyumbani."

"Baba yuko wapi?"

"Twende tu, mdogo wangu."

Baba alikuwa amenyoa kondoo ishirini na sita. Mvua ilipoanza, akayavua yale mablanketi mazito ya sufu yanayofunika hema letu, yote, akawafunika nayo. Hema likabaki fito tupu. Yeye akawa anazunguka kwenye mvua na theluji akiyashikilia yasichukuliwe na upepo. Majirani walikwenda mara mbili kumvuta aingie kwao, akagoma.

Walimkuta asubuhi ameegemea kondoo, ameganda.

Kwetu binti humlilia baba yake kwa kuimba sifa zake. Nilikaa na wanawake, zamu yangu ikafika, nikafungua mdomo. Kilichotoka ni "mimi ndiye niliyekuua." Mama akaniziba mdomo kwa kiganja.

Baada ya mazishi nilimfuata Tologon nje, alikuwa anafunga farasi.

"Kaka, na nyie mlinisikia. Mlipoteza wangapi?"

"Hatukupoteza."

"Wangapi mlinyoa?"

"Hakuna aliyenyoa, Kanyshai."

Nikamkodolea macho.

"Farasi walikuwa wameupa mlima mgongo tangu asubuhi," akasema. "Baridi ilikuwa inakuja, kila mtu aliiona. Baba yako ndiye aliyetuonyesha dalili hiyo."

"Alijua?"

Tologon akaacha kufunga farasi.

"Uliposema noeni mikasi, tuliangua kicheko. Mimi ndiye niliyezidisha, unisamehe. Nikasema, 'Mzee, huyu mwanao huko ofisini kwao hakuna hata dirisha?' Akainuka, akachukua mkasi. Nikamwambia, 'Mzee, acha ubishi, si unajua mwenyewe?' Akasema, 'Najua. Lakini mimi baba yake nisipomsikiliza, nani atamsikiliza?'"

Nilikaa chini pale pale kwenye matope. Nililia mpaka sauti ikaisha.

Kondoo walikufa wawili tu. Wale ishirini na wanne sufu iliota tena, na Mama hataki kusikia habari ya kuwauza.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe unayependa kujazia usichokisikia, ili mradi upigiwe makofi. Mtu baki akikusikia umekosea atacheka, ataendelea na shughuli zake. Anayekupenda hacheki. Ataingia kwenye kosa lako mzima mzima, macho yake yanaona, ili usibaki humo peke yako.

Mimi wa kwangu alikuwa mmoja.