Hatujasema Amina

Kila Krismasi dada mkubwa hufuta tena sahani zilizokwisha kukauka, kisha huwashikisha ndugu zake mikono kuizunguka meza, kila mmoja amshukuru Mungu kwa jambo moja kabla ya kula. Sauti yake ni ya chini, ile ya muuguzi wodini, wala hakuna anayembishia. Mwaka huu kitinda mimba alikuja, mara ya kwanza tangu mama yao azikwe. Aliketi kando ya dada, koti mwilini. Zamu yake ilipofika alisema, "Namshukuru Mungu Mama hakuona mlivyonizuia mlangoni nisimuage."

Kaka mtu akainuka. "Siku kama ya leo?"

"Keti, kaka. Hatujasema amina." Dada hakufumbua macho. Kitinda mimba alijaribu kuuchomoa mkono. Dada akaubana, kama anavyombana mgonjwa anayeikimbia sindano. "Sema yote, mdogo wangu. Mungu hachagui shukrani."

Akasema yote, mpaka sauti ikamkauka na chakula kikapoa. "Nami nashukuru," dada alisema, "kwamba umekuja kutusema hapa hapa kwetu." Kisha kaka mtu akaketi, akakohoa, akawa wa kwanza kuitikia, "Amina."