Siku Mama Vipimo Alipofunga Duka

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Vipimo kwa sababu hakati kitambaa kabla hajakipima mara tatu. Ukimwambia una haraka, anakujibu, "Basi nenda uchi." Mume wake alipofariki, chumba cha nyuma alichokuwa akitengenezea redio kilibaki kitupu, na shangazi akaamua kufuga vifaranga humo. Alianza na mia moja, wa siku moja.

Wiki ya kwanza, wakiwa bado ndani ya duara la mkeka, mambo yalikwenda sawa. Wiki ya pili akawaachia chumba kizima, na vifo vikaanza. Asubuhi aliwaacha wazima, wanadonoa na kupiga kelele. Akirudi mchana kutoka dukani kwake anakoshonea anakuta watano wamelala chali kwenye maranda. Kesho yake wanne. Keshokutwa saba. Hawakuharisha, hawakusinzia, mabawa hayakuning'inia. Aliosha vyombo vya maji, akabadilisha chakula, mwishowe akamwita daktari wa mifugo. Daktari aliwapasua watatu, akatazama maini na matumbo, akavua glavu.

"Mama, sioni ugonjwa. Nisikudanganye."

Jirani yake, mke wa mwenye mashine ya kusaga, alikuwa na jibu tayari. "Hilo jicho la watu, shoga yangu. Uza waliobaki upumzike."

"Jicho gani linafanya kazi saa za ofisi tu?" shangazi akamuuliza.

Lakini nilipompitia jioni ile nilimkuta amekalia ndoo, kifaranga mmoja mfu kiganjani, machozi yanamtiririka bila sauti. Sikuwa nimemwona akilia tangu msiba.

Kesho yake alifanya jambo ambalo, ukiacha siku za msiba, hakuwahi kulifanya kwa miaka ishirini: hakufungua duka. Alichukua kigoda na suruali ya mteja ya kupinda, akaketi mle ndani na kutazama. Vifaranga walikula, wakanywa, wakasukumana kidogo. Saa nne na nusu mashine ya jirani ikawashwa. Ukuta ulitetemeka, na vifaranga wote wakakimbilia pembe moja, wakapandana, huyu juu ya yule. Shangazi alitupa suruali, akaanza kuwachambua kwa mikono miwili. Watatu wa chini kabisa walikuwa wameshakata pumzi.

Hakugombana na mtu. "Ile mashine ndiyo riziki yao," aliniambia. Alitoa maboksi ya vitambaa, akayapima, akayakunja mpaka pembe zote nne za chumba zikawa na mviringo kama kwapa la blauzi, pasiwe na mahali pa kubanana. Kisha akahamishia cherehani yake humo wiki nzima, akashona katikati yao ili wazoee mngurumo. Wateja walipokea nguo zenye manyoya.

Jirani alipopata habari alikuja mbio, kajishika kichwa. "Kumbe jicho lenyewe letu!"

Walicheka mpaka wakashikana mabega.

Baada ya hapo alikufa mmoja tu, na hakuwa pembeni wala hakubanwa. Shangazi alimgeuzageuza kwa muda mrefu.

"Huyu sijui," akasema, "na sitajifanya najua."

Akamfukia nyuma ya nyumba, akanawa mikono kwa sabuni, akarudi ndani kuwabadilishia wenzake maji.