Sehemu ya Mkurugenzi Haiguswi

Namakau aliingia redio ya jamii pale Mongu, magharibi mwa Zambia, akiwa mfagiaji. Kompyuta alijifunza kwa kuchungulia mabegani mwa mafundi, na baada ya miaka kumi na minne hakuna aliyeijua mashine ile kumshinda. Ubishi hakufundishwa na mtu, alizaliwa nao.

Jumanne moja mkurugenzi, Bo Mubita ("Bo" ni neno la heshima la Walozi, kwa mwanamume na mwanamke), alimwamuru afute sauti za wazee, zote mia tatu, ati diski imejaa na matangazo mapya ya mbolea hayana pa kukaa. Nakala nyingine hakuna. Wengi wa wazee waliosimulia koo zao humo walikwisha kuzikwa.

"Diski haijajaa, Bo Mubita. Imegawanywa vibaya tu. Sehemu yako ni nusu nzima, na ndani mna barua tatu na video ya harusi."

"Sehemu ya mkurugenzi haiguswi, Bo Namakau! Futa."

"Sifuti ng'o."

Kesho yake saa mbili asubuhi alinakili barua na harusi kwenye flashi, akaipunguza sehemu ya bosi. Nafasi ilipatikana, lakini ilikaa mbele ya sehemu ya matangazo, na lazima sehemu hiyo isogezwe nzima ndipo ipanuke na kuyapokea mapya bila kugusa sauti za wazee. Kazi ya saa tatu na ushei. Kwa ratiba ya mgao, umeme ungekatika saa sita, na ukikatika kazi haijaisha, kila kitu kinapotea. Aliogopa, tena sana. Akabonyeza hivyo hivyo.

Saa nne na nusu Bo Mubita aliingia, akaona, akarukia plagi ukutani.

"Nachomoa!"

"Chomoa. Yaliyo njiani sasa hivi ni matangazo yaliyokwisha kulipiwa. Wenyewe utawaeleza wewe."

Bo Mubita akaiachia plagi. "Mwanamke una kichwa kigumu wewe!"

"Ndicho kinachoendesha redio hii."

Saa sita kasorobo kazi ikaisha, sauti zote salama. Namakau hakuomba ruhusa. Aliirusha hewani sauti ya Bo Inonge, bibi kipofu aliyefariki mwaka jana, akizitaja koo za uwandani bila kukwama. Dirishani zilisikika redio za sokoni zikiongezwa sauti, moja baada ya nyingine.

"Huna kazi tena," Bo Mubita alisema.

Simu ikalia. Namakau alisikiliza, kisha akamnyooshea.

"Binti yake Bo Inonge. Analia. Anauliza kesho mama yake atazungumza saa ngapi. Mkurugenzi ni wewe, mjibu."

Bo Mubita aliipokea, akakohoa kidogo.

"Kesho saa kama hii hii, mama," akasema.