Akina Mama Kumi na Wanne Waliofichwa

Winifred Umuhoza alizaliwa Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda na wazazi wake akiwa na miaka kumi na miwili. Akasomea uuguzi. Kwa miaka miwili alizunguka nyumba za mtaa wa Kabeza akiwafuatilia wajawazito waliojaribu dawa mpya ya shinikizo la damu, katika utafiti wa Daktari Rugamba. Kila dalili aliiandika kwa mkono kwenye fomu, na nakala akabaki nayo.

Siku makala ya utafiti ilipotoka katika jarida la ng'ambo, ofisini walikata keki. Winifred aliisoma kipande kikiwa mkononi. Ukurasa wa nne ulisema hakuna mama hata mmoja aliyepata madhara. Akaiweka keki chini. Kamikazi, muuza mboga wa Kabeza, alizimia mbele yake mara mbili baada ya kumeza dawa hiyo. Kwenye fomu zake, waliopata madhara walikuwa kumi na wanne.

"Daktari, fomu zangu zilienda wapi?"

Rugamba alifunga mlango. "Kumi na wanne kati ya mia tatu si kitu, Winifred. Na jina lako limo kwenye shukrani. Unataka kulichafua?"

"Basi litoeni."

Mwezi uliofuata mkataba wake haukuongezwa. Akapata kazi kwenye duka la dawa mtaa wa Gisimenti, na akaanza kumwandikia mhariri wa jarida. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwa mstari mmoja. Ya tatu aliiambatanisha na nakala za fomu zote kumi na nne, kwa ruhusa ya akina mama wenyewe, majina yamefunikwa kwa wino. Kamikazi tu ndiye aliyekataa jina lake lifunikwe.

"Langu liache, muganga. Aliyeanguka ni mimi."

Uchunguzi wa jarida ulichukua mwaka na miezi miwili. Rugamba alieneza kwamba Winifred ana kinyongo cha kukosa kazi, na kanisani wengine waliacha kukaa karibu naye. Hilo lilimuuma kuliko mkataba.

Kisha Jumatatu moja asubuhi akafungua simu. Juu ya kila ukurasa wa makala lilikuwa limepigwa neno jekundu: IMEONDOLEWA. Tangazo la jarida lilisema wazi kwamba madhara kwa washiriki kumi na wanne yalifichwa. Palikuwa pia na barua ya watafiti wa nchi jirani: walikuwa karibu kuwapa akina mama elfu mbili dawa hiyo kwa kipimo kilekile, sasa wamesimamisha. Wakamshukuru kwa jina.

Winifred alipiga vigelegele hapohapo, mteja ameduwaa na chupa yake ya dawa ya kikohozi.

Baada ya kazi alikwenda moja kwa moja Kabeza, akamsomea Kamikazi tangazo.

"Kumi na wanne... na mimi nimo?"

"Umo."

"Yego! Ndiyo!" Kamikazi alitupa fungu la mchicha kwenye beseni, akaita majirani, akawapanga kwenye benchi. "Muganga, anza tena. Polepole, wasikie wote."