Mshono wa Kiti cha Papa Kalenga

Harufu ya simili mpya iliyolala juani, hiyo ngozi ya bandia ya viti vya gari, ikinipata njiani ninasimama. Wajukuu wanadhani magoti yamekataa. Waache wadhani. Mimi ninamuona mama, amekalia stuli ya baba, anapitisha uzi wa nailoni kwenye mshumaa ili uteleze vizuri sindanoni.

Baba ndiye alikuwa fundi wa viti, hapa hapa Likasi. Alipokufa ikabaki mashini yake nzito ya kukanyaga, na mama akaikalia. Madereva wa kituoni wakacheka: "Mama Astrida, utushonee basi jipe!" Jipe kwetu ni sketi, na Astrida ni mimi. Jina alilichagua shangazi yangu wa Kambove, mwanamke wa kusali sana na kugombana sana, lakini huyo tumwache.

Mshono wa mama hamkuuona ninyi. Aliunganisha vipande viwili, akaficha utepe wa turubai chini yake, halafu akapitisha juu mistari miwili ya uzi mwekundu, mmoja kila upande, imenyooka kama reli. Rula hakuwa nayo. Alipima kwa ukucha. Pambo ndilo hilo, na nguvu ya kiti ndiyo hiyo hiyo.

Sasa Papa Kalenga, dereva wa taksibisi ya Kambove, akaleta kiti kimoja tu, cha kwake. Kikimpendeza, ataleta vya gari zima. Kisipompendeza, mama arudi kwenye majipe, na kituo kizima kilijua hivyo. Mama akamaliza ngozi ya mgongo wa kiti, akabakiza ya kikalio, akaenda sokoni.

Nilikuwa na miaka kumi. Kwa masista nilisoma miaka miwili tu, ila kushona nilishika, na sista alituambia hatua ndogo ndogo za sindano ndizo za mtoto mwenye adabu. Basi nikasogeza kile kidude kinachopanga urefu wa hatua, nikakishona kikalio kwa hatua ndogo kama mayai ya chawa. Nilijipenda, weee!

Mama akarudi, na Papa Kalenga nyuma yake na wenzake wawili. Akainama, akapitisha kidole kwenye uzi.

"Yo! Hii ni kazi ya Bulaya. Ni nani alishona hii?"

Nikafungua kinywa. Mama, aliyekuwa ameshautazama mshono mara moja tu, akanitangulia:

"Ni minye."

Ati ni yeye! Ameniibia! Machozi yakanijaa. Lakini mama alikunja kile kikalio gotini, akavuta. Krrr! Kikafunguka kwa kufuata matundu, kama mtu anavyochana stempu. Maana simili si kitambaa. Tundu la sindano halizibiki tena, na ukiyabananisha matundu umeikata.

"Unaona, Papa? Hii nilishona mubaya, karibu karibu sana. Mwezi moja tu, imepasuka."

Wenzake wakapiga makofi. "Tulikuambia! Huyu ni mama ya majipe!"

Mama akampa mgongo wa kiti. "Sasa vuta hii."

Papa Kalenga akavuta. Akakanyaga upande mmoja, akavuta tena kwa mikono miwili, jasho likamtoka.

"Vuta, bwana! Ao leo haukukula bukari?" Sasa wenzake walimcheka yeye, kwamba amekosa nguvu za ugali.

Uzi haukusogea. Akapangusa uso. "Kesho nitaleta yote," akasema, akaondoka.

Mama hakunipiga. Aliniambia tu, "Simili haisahau sindano," akarudisha kile kidude mahali pake. Mimi nikanuna juma zima, kwamba mshono wangu uliosifiwa umechukuliwa na mama yangu mzazi.

Nilikuwa mama wa watoto wanne, na viti ninashona mwenyewe, ndipo siku moja mguu ukasimama juu ya kanyagio, nikaelewa. Kweli mama aliniibia. Aliniibia aibu yangu mbele ya wanaume wale, akaivaa yeye, siku ile ambayo kuliko siku zote alihitaji kuonekana fundi.